Kongo: Damu ilitoka Yambuku, majina yakatoka ng'ambo

Wafanyabiashara wanaovuka kwenda Goma, Bukavu na Uvira wameyajua magonjwa ya Kongo kwa ndoo za klorini na vipima joto vya mpakani. Nani ataandikwa kuwa aliyagundua, hilo huamuliwa mbali na mpaka, katika majarida ya kisayansi.

Mwaka 1976 daktari Mkongomani, Jean-Jacques Muyembe, alifika Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati ule, akatoa wagonjwa damu bila glavu. Alirudi Kinshasa na mtawa Mbelgiji aliyekuwa anaumwa, na damu ya mtawa huyo ikasafirishwa hadi Antwerp. Machi 1977 jarida la Lancet lilichapisha makala tatu kuhusu kirusi kilichopewa jina la mto Ebola. Zilitoka Ubelgiji, Uingereza na Marekani. Muyembe hayumo katika orodha ya waandishi wa hata moja.

Hadi leo wapo wanaosema kuchukua damu si kuandika. Hoja hiyo ni dhaifu. Kanuni ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba inakubali kukusanya data kuwa mchango wa mwandishi, ila inamtaka pia ashiriki kuandika au kusahihisha rasimu, aidhinishe toleo la mwisho na akubali kuwajibika. Mlango hufungwa hapo. Asiyeletewa rasimu ataisahihishaje? Kanuni hiyohiyo inataka aliyechangia apewe nafasi ya kushiriki, lakini kipengele hicho ni rahisi kukiruka.

Namna ya kutaja marejeo nayo ina lake. Mtindo wa Harvard hutaja mwandishi wa kwanza na mwaka. Wakiwa wengi, waliobaki huwa "na wenzake". Ule wa Vancouver huweka namba, na orodha yake mara nyingi huishia jina la sita. Daktari wa wilaya aliye wa tisa hupotea kote kuwili. Sisi tuliosomea ukimbizini tunajua maana ya kukosa jina kwenye orodha: hupati mgao. Mtafiti naye hukosa cheo, na fedha za utafiti unaofuata.

Mwaka 2019 Muyembe alitangaza kwamba sampuli za mlipuko wa Ebola wa wakati huo zitabaki Kongo. Anayezitaka aende kwenye taasisi yake Kinshasa. Mwaka huohuo jaribio la dawa lililohusisha wagonjwa 681 lilichapishwa, na jina la kwanza ni la Mkongomani, Sabue Mulangu. Mwaka 2024, makala iliyoeleza aina mpya ya mpox huko Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu Kivu Kusini, ilitanguliwa na Mkongomani mwingine, Emmanuel Vakaniaki. Safari hii "wenzake" ni pamoja na Wazungu.

Hata hivyo, fedha nyingi za utafiti bado hutoka nje. Serikali zetu zinapotia saini mikataba ya kutoa sampuli, suala la nani atakuwa mwandishi liandikwe humo kabla chupa ya kwanza haijapanda ndege.