MGONJWA AKIZIDIWA USIKU, NANI AITWE?



Tumezoea kuiona serikali ikijisifu kwa majengo. Chumba cha upasuaji hufunguliwa, utepe hukatwa, picha hupigwa, nasi huambiwa tushukuru. Twashukuru. Lakini kazi ya kisu ni saa moja au mbili. Zinazofuata ni siku za wodini, na huko ndiko watu wanakofia.

Haya si maneno ya barazani. Mwaka 2018 jarida la madaktari la Lancet lilitoa hesabu ya wagonjwa 11,422 waliopasuliwa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Walikufa 239, yaani wawili hivi katika kila mia, mara mbili ya wastani wa dunia, ilhali wengi wao walikuwa vijana. Na katika hao 239, 225 walikufa baada ya siku ya upasuaji kupita.

Tutazame Mbozi Mission, huko Songwe karibu na mpaka wa Zambia, katika wilaya ambayo wengi wetu twaijua kwa kimondo chake tu. Hospitali ni ya Kanisa la Moravian. Mama aliyejifungua kwa kisu akianza kuvuja damu ndani saa nane za usiku, hospitali ya rufaa ya kanda iko Mbeya, na njia ni ile ile ya malori ya Tunduma. Mwenzake wa Pemba ana bahari badala ya malori. Wote wawili, wa kuwaokoa ni yule aliyepo pale pale.

Na mwili hauvunji ahadi ghafla, hutanguliza taarifa. Pumzi hupita 30 kwa dakika, au dawa ya maumivu ikazishusha chini ya 8. Presha ya juu huanguka chini ya 90. Mgonjwa huanza kubabaika. Hayo hujulikana kwa saa ya mkononi na kipimo cha presha. Dawa yake ya mwanzo ni oksijeni, maji ya mshipani na, ikibidi, kurudishwa mezani kabla ya alfajiri.

Wako watakaosema: basi wauguzi na wazidishe kuangalia. Hilo limejaribiwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2021. Zilishiriki hospitali 332 za Afrika. Katika baadhi yake wagonjwa wa hatari walitakiwa walazwe mbele ya macho ya muuguzi, wapimwe mara kwa mara, na jamaa zao waruhusiwe kukaa nao. Vifo havikupungua. Sisi wenye maduka hatushangai: kuandika deni daftarini si kulipwa. Muuguzi mmoja mwenye wodi nzima akiona presha imeanguka, amwambie nani?

Huko Sydney, Australia, tokea miaka ya 1990 hospitali ya Liverpool ilimpa muuguzi haki ya kuita kikosi cha dharura bila ya kungoja idhini ya mkubwa. Hatudai kikosi cha Sydney. Twadai tabibu mmoja aliye macho, simu inayopokelewa, mtungi wa oksijeni uliojaa, na asikaripiwe muuguzi aliyeita kumbe si hatari.

Waziri na atujibu Barazani, hospitali kwa hospitali, Unguja na Pemba: usiku wa leo mgonjwa aliyepasuliwa akizidiwa, aitwe nani, na huyo analala wapi?