Sinema ya Aladini na Mabinti wa Madrasa Zetu



Zipo sinema ambazo mzazi huzikataza kwa neno moja, wala hakuna wa kumlaumu. Zipo nyingine huingia majumbani kwa kicheko, na hizo ndizo zinazohitaji kujadiliwa. Kuanzia Mwanjelwa jijini Mbeya hadi Mshindo mjini Iringa, filamu hupita mkono kwa mkono katika flashi na simu. Mojawapo ni "Aladdin", iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 2019. Tumeona tuizungumzie kwa sababu inajinasibisha na nchi za Waislamu.

Uadilifu unatutaka tuanze na mazuri yake. Ni ngano ya kuchekesha, yenye jini mcheshi aliyeigizwa na Will Smith. Waigizaji wake wanatoka pande nyingi: Mena Massoud, aliyeigiza Aladini, ni mzaliwa wa Misri, na Naomi Scott, aliyeigiza binti mfalme Jasmine, ni Mwingereza ambaye mama yake alizaliwa Uganda. Katika katuni ya mwaka 1992, Jasmine aliishia kupewa ruhusa ya kuchagua mume. Katika filamu hii anataka kuongoza, na mwisho babake anamteua kuwa Sultani. Aidha, wimbo wa ufunguzi wa katuni ile uliwasawiri Waarabu kama watu katili, hata Waarabu wa Marekani wakalalamika na maneno yakabadilishwa mwaka 1993. Basi hatua imepigwa.

Hata hivyo, tujiulize: mji wa Agrabah ni mji wa nani? Una makuba, vilemba na ngamia. Mavazi na ngoma zake ni mchanganyiko wa Uarabuni na Bara Hindi. Uislamu umekuwa pambo la nje. Tusidhani kwamba hilo ni jambo dogo. Mwezi Desemba 2015, taasisi ya kura za maoni ya Public Policy Polling iliwauliza wapiga kura wa Marekani iwapo wanaunga mkono Agrabah kupigwa mabomu. Katika kila wafuasi 100 wa chama cha Republican waliohojiwa, 30 walijibu ndiyo; na kwa Democrat, 19. Watu walikuwa tayari kuubomoa mji usiokuwepo duniani, kwa kuwa jina lake lilisikika kama la Waislamu!

Sasa tuitazame ngano yenyewe. Mfaransa Antoine Galland aliipata kutoka kwa Hanna Diyab, Mkristo wa Halab huko Syria, aliyemsimulia mjini Paris mwaka 1709, naye akaiingiza katika Alfu Lela Ulela. Humo binti mfalme, Badr al-Budur, ndiye anayemnywesha sumu yule mchawi kwa mkono wake mwenyewe. Na msimulizi wa Alfu Lela Ulela, Shahrazad, ni mwanamke aliyezuia mauaji ya wanawake kwa ulimi wake. Kwa hiyo ushujaa wa mwanamke haukuzaliwa Hollywood.

Tukiacha ngano, tunayo ya kweli. Suratun Naml inatusimulia Malkia wa Sabaa, aliyewashauri wakuu wake na kuiona hatari ya vita kabla yao. Bibi Aisha aliwafundisha wanaume na wanawake Hadithi za Mtume (s.a.w.). Hapa kwetu, Bibi Titi Mohamed aliongoza kina mama wa TANU tangu mwaka 1955.

Ni binti wangapi wa madrasa zetu wanaoweza kuvisimulia visa hivyo? Katika Nyanda za Juu Kusini Waislamu ni wachache. Binti yetu husikia shuleni kwamba mwanamke wa Kiislamu hana sauti. Jioni anatazama filamu inayomwambia kwamba anaweza kuwa na sauti, lakini katika mji ambao dini yake ni pambo. Akija madrasa asisikie lolote juu ya jambo hilo, ataamini yote mawili. Kupiga marufuku peke yake hakusaidii, kwani ataitazama kwa jirani.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, maustadhi watenge kipindi cha visa kila wiki, wasichana nao wasimame kusimulia. Pili, wazazi waketi na watoto wao wakati wa filamu, kisha wawaulize walichokiona na kilichokosekana. Tatu, kamati za misikiti zitazame upande wa kina mama: je, khutba inasikika huko? Je, wanashauriwa juu ya masomo ya watoto waliowazaa?

Kamati isiyoweza kuyajibu maswali hayo isiilaumu Disney. Binti aliyenyimwa sauti nyumbani kwao ataifuata popote anapoahidiwa.