Jiko la Umma Lisijengwe Bila Mshauri, Wala Mshauri Asiachwe Peke Yake

Majengo mengi ya huduma nchini, yawe hospitali, mabweni ya shule au mikahawa, huchorwa kwa kufikiriwa kila kitu isipokuwa jiko. Vyumba hupimwa kwa uangalifu, ofisi hupangwa, maegesho ya magari hutengwa. Kisha chumba kinachosalia nyuma ya jengo hupewa jina la jiko. Mpishi huitwa mwisho, akaonyeshwa mahali pa kupikia, na kuanzia siku hiyo sehemu kubwa ya kazi yake huwa ni kupambana na jengo. Utaratibu huo ni tatizo la afya kabla ya kuwa tatizo la ujenzi. Mshauri mwelekezi mwenye ujuzi wa majiko ya umma anapaswa kuitwa kabla msingi haujachimbwa, na katika meza yake wawepo mpishi, afisa afya mazingira na mtaalamu wa lishe.

Hoja hii inazihusu hasa sehemu zinazoendelea kujengeka, kama Mitwero, nje kidogo ya mji wa Lindi. Katika ukanda huohuo, Likong'o, ndiko kulikotengwa ardhi kwa ajili ya mradi wa kusindika gesi asilia kuwa kimiminika. Mradi mkubwa wa aina hiyo uanze mapema au uchelewe, mji unapopanuka huja na walaji wengi walio mbali na majiko ya nyumbani kwao: mafundi, madereva, wanafunzi wa bweni, wagonjwa na jamaa wanaowauguza. Mama lishe aliyezoea kuuza sahani 20 huombwa 200, na mwenye kiwanja huanza kufikiria mkahawa. Katika mji mkongwe, jiko baya limekwisha kujengwa na kulibomoa ni gharama. Palipo na kiwanja kitupu, bado ipo nafasi ya kulichora vizuri tangu mwanzo.

Kupikia watu 200 si sawa na kupikia watu 10 mara 20. Sufuria kubwa ya mchuzi wa nyama hupoa polepole mno katikati yake, na katika uvuguvugu huo bakteria aitwaye Clostridium perfringens, ambaye mbegu zake hustahimili mchemko, huamka na kuzaana. Wali wa mchana ulioachwa mezani hadi usiku huweza kubeba sumu ya Bacillus cereus ambayo kuupasha moto upya hakuiondoi. Pwani ya Lindi na Kilwa ina hatari yake nyingine. Jodari na vibua waliokosa barafu tangu kuvuliwa hujaa histamini, nayo haiharibiwi kwa kukaangwa wala kwa kuchemshwa. Mlaji huwashwa, uso ukawa mwekundu, kichwa kikamuuma na moyo ukamwenda mbio. Huenda akaishi miaka akiamini kwamba ana mzio wa samaki, kumbe samaki yule alikosa ubaridi tu.

Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kuwa barani Afrika watu milioni 91 huugua kila mwaka kutokana na chakula, na 137,000 hufa. Shirika hilo linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili: kihifadhiwe chini ya nyuzijoto 5, au kiwe cha moto zaidi ya nyuzijoto 60. Ushauri huo ni rahisi kuubandika ukutani. Kuutekeleza kunadai friji yenye nafasi ya kutosha, mabeseni mapana yasiyo na kina kirefu ya kupozea chakula, na umeme usiozidiwa na vifaa. Hayo yote huamuliwa na mchoro, wala mpishi hawezi kuyaziba kwa bidii yake.

Uingereza ilijifunza jambo hili kwa msiba. Mwezi Agosti 1984, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Stanley Royd, mjini Wakefield, zaidi ya wagonjwa 350 na wafanyakazi zaidi ya 100 waliugua kwa bakteria wa Salmonella, na wagonjwa 19 walikufa. Tume iliyochunguza ilielekeza kidole kwenye nyama ya ng'ombe iliyopikwa, ikaachwa nje ya friji kwa saa nyingi, kisha ikaliwa baridi. Jiko lilikuwa la zamani, na usimamizi wake ulikuwa hafifu. Kabla ya hapo hospitali za umma za nchi hiyo hazikuweza kushtakiwa chini ya sheria za usafi wa chakula. Mwaka 1986 kinga hiyo iliondolewa. Inafaa kukumbuka kwamba waliokufa hawakufuata hatari. Walilazwa, wakaletewa chakula, wakala kwa kuamini waliowapa.

Kazi ya mshauri wa majiko si uzushi wa zama hizi. Mwaka 1841 klabu iitwayo Reform ilifungua jengo lake jipya jijini London. Mpishi wake mkuu, Mfaransa Alexis Soyer, alikuwa ameshirikiana na msanifu majengo Charles Barry kulipanga jiko, na miongoni mwa mambo yaliyolipa sifa ni kupikia kwa gesi. Mwaka 1855 Soyer huyohuyo alikwenda Scutari, Uturuki, wakati wa vita vya Crimea, akapanga upya majiko ya hospitali za kijeshi alikokuwa akihudumu Florence Nightingale. Alifundisha askari kupika na akabuni jiko lililotumia kuni kidogo. Thamani ya Soyer ilitokana na kukutanisha watu wawili ambao kwa kawaida hawakutani: anayechora na anayepika.

Mshauri mzuri wa leo hufuata njia hiyo, na ndiyo maana huanza na chakula badala ya kuta. Watakula nini? Wangapi? Saa ngapi? Ni nani miongoni mwao aliye mgonjwa? Kituo kinachopika ugali, maharage na samaki kwa watu 150 hakihitaji vifaa vya hoteli inayooka mikate. Orodha ya vyakula huonyesha idadi na ukubwa wa sufuria. Sufuria huonyesha idadi ya meko. Meko huonyesha kiasi cha gesi, maji na hewa vinavyohitajika. Kuta huja mwisho.

Hatua inayofuata ni kuchora njia ya chakula. Kinapokelewa mlango mmoja, kinakwenda ghalani au kwenye friza, kinaoshwa na kukatwa, kinapikwa, kinapakuliwa, na vyombo vichafu vinarudi kwa njia isiyogusa sahani zinazotoka. Samaki mbichi hawapiti juu ya meza ya kachumbari. Taka zina mlango wao. Choo cha wapishi hakifungukii jikoni. Sakafu ina mteremko, na maji machafu hupita kwenye chemba ya kunasia mafuta kabla hayajaziba mfumo mzima. Sinki la kunawia mikono huwekwa mahali ambapo mpishi hana budi kupita, kwa sababu mtu mwenye sufuria nne motoni hawezi kuvuka chumba kizima kutafuta bomba. Wapishi wa Tanzania wamezoea kupimwa afya kila baada ya miezi sita, na utaratibu huo ni mzuri. Lakini cheti cha afya hakimnawishi mtu mikono.

Katika hospitali kuna swali la ziada. Daktari humwandikia mgonjwa wa shinikizo la damu apunguze chumvi, wa figo apimiwe protini, wa kisukari apangiwe wanga. Jiko likiwa na meko mawili na sufuria moja ya mchuzi, maagizo yote hayo huishia kwenye chungu kimoja. Kona ndogo yenye meza yake, mizani yake na meko yake madogo ingetosha kuyatekeleza. Kona hiyo ni rahisi kuiweka kwenye mchoro na ni vigumu mno kuipata baada ya rangi kukauka.

Mpishi naye ana mwili. Anayesimama kwenye moshi wa kuni kwa miaka huvuta chembe zinazoharibu mapafu na moyo wake, na moshi wa kuni ndani ya nyumba umewekwa na watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha ugonjwa huo. Serikali iliziagiza taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Kwa mkoa wa Lindi jambo hili lina uzito wa pekee, kwani gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, imekuwa ikizalishwa na kusafirishwa kwenda Dar es Salaam tangu mwaka 2004.

Hata hivyo kubadili nishati bila kubadili jiko ni kubadili hatari. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja hushuka na kutuama sakafuni, hivyo matundu ya hewa huhitajika chini, na mitungi haiwekwi kwenye shimo wala chumba cha chini. Gesi asilia ni nyepesi: hupanda na kukusanyika darini, hivyo matundu yake huwa juu. Jengo linalotarajia kuanza na mitungi leo na kuunganishwa kwenye bomba kesho linahitaji vyote viwili. Hili haliwezi kubahatishwa na fundi aliyeitwa kuunga mpira.

Pingamizi la kwanza huwa ni gharama. Ni kweli kwamba ada ya mshauri huonekana kubwa kwa mtu anayehesabu matofali. Lakini sakafu ikimwagwa bila mabomba hupasuliwa, jiko lisilotoa joto hununuliwa feni baada ya feni, na mkahawa uliougulisha wateja hauponi kwa rangi mpya. Kwa wenye mitaji midogo, kama vikundi vya mama lishe, halmashauri ingeweza kumlipa mshauri mmoja achore michoro michache ya mfano, ya sahani 50, 100 na 300, kisha itolewe bure pamoja na vibali. Gharama ya mtu mmoja ingegawanywa kwa wengi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: wapo washauri wanaobeba mchoro wa hoteli ya jiji na kuushusha popote. Wapo pia wanaouza vifaa, na ushauri wao huishia kwenye orodha ya bei. Hapa ndipo wenyeji wanapopaswa kusema. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji anayenyamaza hapati uponyaji huo. Wavuvi wa Lindi wanajua kaskazi na kusi vinavuma miezi ipi na kutoka wapi. Wao ndio watakaoeleza kama moshi na mvuke vitaingia wodini au vitakwenda zake. Mafundi wa pwani wanajua jinsi hewa ya chumvi inavyokula chuma cha kawaida. Wapishi wanajua umeme hukatika saa ngapi na samaki hufika saa ngapi. Nyumba za asili za Waswahili ziliweka jiko uani, mbali na vyumba vya kulala, penye hewa na karibu na maji. Mshauri anayestahili ada yake huyasikiliza hayo na kuyaingiza kwenye vipimo vyake. Aulizwe mapema na kwa maandishi: je, analipwa na muuza vifaa yeyote? Je, atarudi baada ya jiko kuwashwa kuona kama linafanya kazi?

Kuna kundi moja linalosahaulika hata katika michoro mizuri, nalo ni jamaa wa wagonjwa. Katika hospitali nyingi nchini ndio wanaoleta chakula, kikiwa ndani ya hotpoti kilichosafiri saa nzima kwenye joto la pwani. Kuwakemea hakusaidii, kwa kuwa chakula hicho ndicho kinachomlisha mgonjwa. Hospitali mpya inayochorwa leo inaweza kuwatengea banda safi lenye maji, meko ya kupashia chakula na mahali pa kuoshea vyombo. Hilo nalo ni jiko la umma, na linastahili mshauri.

Afisa afya mazingira aalikwe kuuona mchoro wakati bado ni karatasi, badala ya kuja na fomu ya ukaguzi wakati saruji imekwisha kushika. Mtaalamu wa lishe apeleke orodha ya vyakula kabla ya orodha ya vifaa kuandikwa. Wauguzi waeleze chakula hupotelea wapi kati ya jiko na kitanda. Wagonjwa na jamaa zao wasione haya kuuliza chakula kimepikwa wapi na lini. Na yeyote anayejenga, Mitwero au kwingineko, kabla ya kutia saini mkataba ajiulize swali moja dogo: je, mpishi ameuona mchoro huu? Ikiwa bado, kalamu iwekwe chini, mpishi aitwe.