STIKA SIYO SHERIA! STAA WA KAHAMA, ACHA KUTISHA VIJANA

Wadau, leo tunaongea kavu kavu. Kuna staa mmoja wa mitandaoni pale Kahama, jina kapuni, ambaye siku hizi kageuka balozi wa duka la kompyuta. Kazi yake ni kutisha watu: "Ukigusa skrubu tu, waranti imekufa!" Halafu anakuelekeza kwa tajiri wake ukalipie kuongezewa RAM. Mwenzie, MC mmoja wa harusi kule Katoro, ndo kamaliza kabisa: eti laptopu ikiwa nzito, dawa ni kununua mpya. Hivi hela inatoka mfukoni kwa nani, kwake au kwako?

Wanaoumia na haya maneno ni vijana wanaoedit video za harusi na send-off, kuanzia Shinyanga mjini mpaka Geita. Mashine ina RAM ya GB 8, ukifungua programu ya kuedit inahema kama lori la mawe linapanda mlima. Bibi harusi anapiga simu, video haijatoka, hela iliyobaki hailipwi. Pengine kinachotakiwa ni kufika GB 16 tu, au SSD kubwa kidogo. Kwenye laptopu nyingi hiyo ni kazi ya bisibisi na utulivu. Lakini kijana anaogopa stika!

Stika ni karatasi na gundi, bhana. Waranti ni yale yaliyoandikwa kwenye masharti yake. Dell, HP na Lenovo wenyewe wameweka mtandaoni vitabu vya mwongozo vinavyoonyesha, hatua kwa hatua, namna ya kutoa RAM na kuirudisha. Kama kufungua ni dhambi, mbona mwenye mali anatufundisha?

Huko Marekani walishabishana hili. Aprili 2018, FTC, tume yao inayolinda wateja, iliziandikia kampuni 6 barua za onyo kuhusu masharti ya waranti ya namna hii, ikiwemo yale ya "ukibandua stika, umekosa". Najua, Kahama siyo Chicago. Ila hata sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani (FCC) ipo.

Sasa msinielewe vibaya mkaanza kuchokonoa kila kitu. Ukivunja mwenyewe, hicho ulichovunja ni chako, hakuna waranti itakayokubeba. Pia laptopu iliyotumika, ile ya mtumba, mara nyingi waranti yake ni ya duka, siyo ya kiwandani. Duka likiandika "usifungue", wewe ulishakubali. Kwa hiyo uliza KABLA hujalipa: "Nikiongeza RAM mwenyewe, waranti inabaki?" Jibu liandikwe, na risiti ya EFD uidai. Maneno ya mdomo hayana ushahidi.

Ukishajiridhisha, tafuta mwongozo wa modeli yako hasa. Kuna laptopu nyembamba ambazo RAM imechomelewa kwenye bodi, hizo achana nazo. DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, usilazimishe. Zima mashine, chomoa chaja, chomoa na waya wa betri kama mwongozo unavyosema, gusa chuma kwanza utoe umeme tuli mwilini. Na tafadhali, usifungulie barazani na vumbi letu hili la malori! Piga picha kabla ya kutoa chochote. RAM ya zamani itunze, maana siku mashine ikigoma, unarudisha kifaa chake kisha unaipeleka ikiwa kama ilivyotoka.

Mafundi wetu nawaheshimu, mikono yao imeokoa wengi, na kama mkono wako unatetemeka, mlipe fundi kwa roho safi. Ninaowasema ni hawa chawa wa maduka wanaouza woga. Staa wetu, wafuasi wako ni hao hao vijana wanaohangaika na video usiku kucha. Siku moja tu, badala ya kuwatisha, washikie karatasi ya waranti ya hilo duka mbele ya kamera, uisome mstari kwa mstari. Au tajiri atakasirika?

Haya wadau, nani kaambiwa "umeshafungua, hatuhusiki" wakati alichobadilisha ni RAM na kilichokufa ni kioo? Dondosha hapo chini, majina ya maduka tuyahifadhi.