NANI MWIZI WA GODAUNI?



Kila mzigo ukipotea godauni, waajiri hutazama upande mmoja tu: kuli na askari wa usiku. Kuli hupekuliwa langoni mpaka viatu, na mwisho wa mwezi askari hukatwa mshahara. Sisi twauliza: magunia mia ya sukari hutoka katika kiatu cha nani? Mzigo kama huo hutoka kwa lori, tena kwa karatasi yenye sahihi na muhuri. Kuli hana muhuri. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyopotea ikiwa mfanyakazi amekosa kwa makusudi, na kwa kiasi cha haki tu. Haisemi kila aliyekuwa zamu alipe.

Waajiri wakitaka mali yao iwe salama, njia zajulikana. Mzigo uhesabiwe kila zamu zikibadilishana, na pande zote mbili zitie sahihi. Anayeandika hati ya kutoa mzigo asiwe ndiye mwenye funguo. Taa ziwake usiku kucha. Askari asiachwe peke yake na rungu. Na mlango usitiwe kufuli kwa nje hali watu wamo ndani: moto ukizuka, gunia hununuliwa jingine, mtu hanunuliwi.

Wanachama, msitie sahihi karatasi yoyote ya kukubali deni la mzigo kabla ya kuileta ofisi ya chama. Askari ni mlinzi, si bima ya tajiri.