Asomaye Nyumbani Apate wa Kumsikiliza

Yako maneno yaliyozoeleka siku hizi katika barza za Mji wa Kale: "Mtoto yuasoma kwa simu." Mzazi akisha kuyasema hayo, moyo humtua, kana kwamba kazi imekwisha. Mimi naona hapo ndipo inapoanza. Kumpa mtoto simu ni kumpa chombo, na wahenga walitwambia kuwa chombo hakiendi ila kwa nyenzo.

Sisemi hivi kwa kuuchukia ufundi mpya. Mombasa haiwezi kuuchukia, kwani ndiyo iliyoupokea. Mwaka 2009 waya za intaneti zipitazo chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika pwani yetu. Huo wa TEAMS ulitoka Fujairah, upande ule ule wa Ghuba walikotoka manahodha wa majahazi. Mlango ni wetu, lakini kukaa mlangoni si kula karamu.

Tukumbuke mwaka 2020. Mwezi wa Machi, kwa ajili ya maradhi ya Korona, skuli zote za Kenya zilifungwa. Taasisi ya kukuza mitaala, KICD, ikapeleka masomo redioni, katika televisheni na katika intaneti. Tarehe 6 Mei serikali ikaufunga Mji wa Kale wenyewe, asiingie mtu wala asitoke, na hali hiyo ikaendelea hadi mapema Juni. Ilikuwa Ramadhani, na hata Idi ilitukuta ndani. Kisha tarehe 7 Julai waziri wa elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, akatangaza kuwa mwaka ule wa masomo umepotea. Madarasa machache yalirudi Oktoba, na waliosalia wakangoja Januari 2021.

Masomo yalikuwa hewani miezi yote ile, na bado mwaka ulihesabiwa kuwa umepotea. Yapasa tujiulize kwa nini.

Majibu mengine yajulikana. Simu ni moja, na baba ameondoka nayo. Bando limekwisha. Nyumba ni ya vyumba viwili na watu ni wanane, huyu alala, yule akaanga, wa tatu asikiliza mpira. Hayo ni kweli, na serikali yafaa iulizwe. Lakini ziko nyumba zilizokuwa na simu, na bando, na chumba, na mtoto alikaa mbele ya kioo asubuhi hadi adhuhuri akainuka mtupu. Huyo alikosa nini? Alisomeshwa, lakini hakusikilizwa.

Sisi tuliopitia chuoni twalijua jambo hili. Tulikaa mkekani, wakubwa kwa wadogo, kila mtoto na juzuu yake, sauti zikivuma kama nyuki mzingani. Mgeni angedhani hapana anayemsikia mwenziwe. Kumbe mwalimu, macho kayafumba, alikuwa akimsikia kila mmoja. Ukikosea madda moja tu, jina lako huitwa. Wala hukupewa sura mpya mpaka uisome ile ya jana mbele yake. Watu wengi wakikumbuka chuo huikumbuka bakora. Mimi nasema kilichotusomesha ni sikio la mwalimu. Na jambo hili lina asili tukufu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kila Ramadhani alikuwa akiipitia Qurani pamoja na Jibrili. Ikiwa yeye aliyeteremshiwa aliipitia na mwenziwe, seuze mtoto wa darasa la sita?

Simu husema sana, lakini usikivu wake ni mdogo. Mwalimu aliye upande wa pili huona majina arobaini kiooni, sauti zimezimwa na nyuso zimefichwa. Mtoto akiinuka kwenda jikoni, jina lake hubakia pale likimshuhudia kuwa yupo.

Basi mwanafunzi na aambiwe mapema asitarajie kusukumwa. Kengele ya skuli haitalia. Avae nguo za kutokea, asisome na nguo za kulalia. Akae mahali pamoja kila siku, hata ikiwa ni pembe ya mkeka, na daftari na kalamu mkononi, kwani kitazamwacho bila kuandikwa hupita kama maji ya mkondo. Na likimtatiza jambo aulize siku ile ile, asingoje mtihani.

Nyumba nayo ina wajibu wake, nao ni kumteua msikilizaji. Si lazima awe amesoma. Bibi asiyejua hesabu za sehemu aweza kumwambia mjukuu wake, "Haya, nieleze ulichofunzwa leo." Mtoto akianza kueleza, mwenyewe atajua alipokwama. Baba atokaye bandarini usiku atasema hana wakati. Robo saa yatosha, baina ya Magharibi na Isha, saa ambayo wazee wetu waliiweka kwa kazi hii hii. Na asiyekuwepo saa hiyo amwachie mama, au ndugu mkubwa.

Nina neno jingine juu ya mtoto wa kike. Kwa kuwa yuko nyumbani, huhesabiwa kuwa hana kazi. Katikati ya somo huitwa akande unga, amshike mtoto, ateremke dukani. Nduguye wa kiume akaa na simu, hapana amgusaye. Lau msichana huyu angekuwa skuli, nani angemwita? Mwaka wa elimu humpotea kwa dakika tano tano, na wala hapana atangazaye kuwa umepotea.

Mtu asiseme kuwa hayo yalipita na Korona. Mwaka 2024 mafuriko yaliahirisha kufunguliwa kwa skuli nchini. Na Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake, nacho hufundisha kwa intaneti. Kwa kijana wa Kibokoni au Kuze asiyekuwa na kodi ya chumba Nairobi, na kwa binti ambaye wazee wake hawaridhii aende mbali, huo ni mlango mkubwa. Lakini aingiaye bila mazoea ya kujisomesha atatoka kabla ya mwaka kwisha.

Wala serikali isijifiche nyuma ya maneno yangu. Kupeleka somo hewani si kusomesha, kama vile kuadhini si kusali. Ituambie ni watoto wangapi waliosikilizwa. Nasi wazazi, kabla ya kuulizana bei ya simu, tuulizane katika kila nyumba: huyu mtoto, jioni hii, atamsomea nani?