Mwenzako Akinyolewa: Uhuru wa Dhamiri Hauna Dhehebu



Limekuwapo kati yetu neno ambalo hatuwezi tena kulinyamazia. Linasemwa nje ya kanisa baada ya misa, linasemwa katika jumuiya hai, na nyakati nyingine hata na viongozi wetu: «Uhuru wa dini ni jambo jema, ila si kwa kila kikundi kinachojiita kanisa. Serikali ikiwafungia hao, na iwafungie, sisi hayatuhusu.» Tunasema waziwazi kwamba neno hilo ni baya. Ni baya mbele ya Injili, ni baya mbele ya Katiba, na ni baya mbele ya historia ya nchi hii.

Tuanze na historia. Mwaka 1921, Simon Kimbangu wa Nkamba, aliyepata kuwa katekista wa misheni ya Wabaptisti, alihubiri na kuwaombea wagonjwa kwa miezi michache tu. Utawala wa Wabelgiji uliona hatari ya uasi katika umati uliomfuata. Alipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi huko Thysville, bila wakili wa kumtetea, na tarehe 3 Oktoba akahukumiwa kufa. Mfalme Albert aliigeuza adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu akasafirishwa mbali na kwao, hadi Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na huko akafa mfungwa tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Wamisionari kadhaa, Wakatoliki wakiwamo, walikuwa wameisihi serikali imkomeshe. Hatulitaji jambo hili ili kuwahukumu marehemu, bali kwa sababu neno linalosemwa leo katika jumuiya zetu lilisemwa pia wakati ule, na tumeona lilizaa nini. Leo Jamhuri yetu inaiadhimisha tarehe 6 Aprili kama sikukuu ya kumkumbuka mtu yuleyule aliyehukumiwa kama mhalifu.

Kisha ukaja utawala wa Mobutu. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 iliweka orodha fupi ya makanisa yanayotambuliwa. Sisi Wakatoliki tulikuwamo katika orodha hiyo, na wengi walidhani kwamba aliye ndani ya uzio yuko salama. Haikupita muda mrefu. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, na Kardinali Malula akalazimika kuiacha nchi na kwenda Roma. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika sikukuu za taifa, na mwishoni mwa mwaka huo shule zetu zikachukuliwa na Dola. Kitu kilichotolewa kwa hisani kinaweza kunyang'anywa kwa hasira. Orodha iliyotupa nafasi ndiyo hiyohiyo iliyomfundisha mtawala kwamba imani ya raia huruhusiwa naye.

Tarehe 12 Machi 1986, kwa agizo la Rais, chama cha Mashahidi wa Yehova kilivunjwa nchini Zaire. Ilichukua karibu miaka saba mpaka Mahakama ya Juu ya nchi, mwezi Januari 1993, ilipolibatilisha agizo hilo. Na mwaka 1995 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, katika uamuzi wake juu ya Zaire, ilisema kwamba Serikali haikuleta ushahidi wowote kuwa ibada za watu hao zilihatarisha sheria na utulivu. Hivyo kifungu cha 8 cha Mkataba wa Afrika, kinacholinda uhuru wa dhamiri na dini, kilikuwa kimevunjwa.

Tunauliza: ni wangapi kati yetu wanaoijua hukumu ile ya 1993? Wengi tunaikumbuka, na ni haki kuikumbuka, tarehe 16 Februari 1992, siku ambayo Wakristo walioandamana Kinshasa kudai Kongamano Kuu la Taifa lifunguliwe tena walipigwa risasi. Lakini hatujajifunza kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Agizo la 1986 na risasi za 1992 vilipikwa katika chungu kimoja: fikra kwamba mtu husali, hukusanyika na hutembea barabarani kwa idhini ya mkuu. Hakimu aliyeivunja fikra hiyo kwa ajili ya Shahidi wa Yehova aliivunja kwa ajili ya Mkatoliki pia. Hukumu ile ni yetu, hata kama hatukuiomba.

Na fikra hiyo haijafa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 22, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Katika kifungu cha 26 inawataka wanaoandaa maandamano kuijulisha kwa maandishi mamlaka inayohusika. Kujulisha si kuomba ruhusa. Hata hivyo, maandamano yaliyoitishwa na walei tarehe 31 Desemba 2017, kisha tarehe 21 Januari na tarehe 25 Februari 2018, yalihesabiwa kuwa haramu kana kwamba Katiba haijaandikwa. Mabomu ya machozi yalirushwa hadi ndani ya viwanja vya parokia, na waamini wakauawa. Amri ya tarehe 29 Januari 1999, iliyotangulia Katiba kwa miaka saba na yenye kudai idhini, inaendelea kutumiwa dhidi ya Katiba iliyo mkuu wake. Je, mtumwa atamfunga bwana wake mpaka lini?

Ndugu zetu wa Kivu Kaskazini na Ituri wanalijua jambo jingine. Tangu hali ya dharura ya kijeshi ilipoanza huko tarehe 6 Mei 2021, mahakama za kijeshi zilipewa mamlaka ya kuwahukumu raia katika kesi za jinai. Tutajibiwa kwamba kifungu cha 156 cha Katiba kinaruhusu. Ni kweli, kwa muda maalumu na kwa makosa yaliyotajwa. Lakini kifungu cha 144 kinaitaja hali hiyo kwa hesabu ya siku: 30 za kwanza, kisha 15 kila mara Bunge linapoiongeza. Siku 15 zikirudiwa mwaka baada ya mwaka, dawa ya homa imekuwa chakula cha kila siku. Tena kifungu cha 61 kinasema kwamba hata katika hali hiyo uhuru wa dhamiri na dini haugusiki, wala haki ya kujitetea na kukata rufani. Sisi ambao tunajua jinsi Kimbangu alivyohukumiwa Thysville hatuwezi kuuona mchezo wa raia mbele ya hakimu wa kijeshi kuwa jambo la kawaida.

Wapo watakaotupinga kwa hoja nzito: kosa halina haki, na wahubiri wa uongo wanawaangamiza watu wetu. Kwa sehemu ya kwanza, Kanisa lenyewe limekwisha jibu. Tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Dignitatis Humanae, ulifundisha kwamba haki ya uhuru wa dini inatoka katika hadhi ya mtu. Mwenye haki ni mtu, na mtu hapotezi hadhi yake kwa kukosea. Kwa sehemu ya pili, hatufumbi macho. Tunawajua wanaowaita watoto wachawi na kuwatesa kwa jina la maombi. Kwa hao sheria ipo: Katiba katika kifungu cha 41, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, zinalikataza jambo hilo na kuliadhibu. Ashitakiwe basi aliyemtesa mtoto, kwa tendo lake, kwa ushahidi, mbele ya hakimu wa kawaida. Hiyo ni haki. Kulifunga kanisa zima kwa sababu majirani hawalipendi si haki.

Kwa hiyo tunajidai sisi wenyewe kwanza. Katika shule ambazo Kanisa linazisimamia kwa mkataba na Serikali, mtoto wa imani nyingine asifukuzwe wala asiadhibiwe kwa kutohudhuria misa. Anayefanya hivyo hawezi kumlaumu gavana anayezuia maandamano yetu. Pili, kamati zetu za Haki na Amani zipokee pia malalamiko ya wasio Wakatoliki, na kuwasindikiza mahakamani wasio na fedha za wakili. Tatu, wabunge, ambao wengi wao tunakutana nao kila Dominika, watupe sheria ya maandamano inayofuata Katiba, ili amri ya 1999 ipumzike.

Wazee walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sisi tulitia maji mara nyingi tukingoja zamu yetu. Umefika wakati wa kuushika mkono wenye wembe. Siku agizo litakapoandikwa dhidi ya jirani asiyesali kama sisi, tusiulize kwanza yeye ni wa kanisa gani. Tuulize ni hakimu gani aliyemsikiliza.